Magauni Manane ya Bi Pindo

Ukimwuliza mtu wa mtaa ule jina halisi la Bi Pindo, atakuna kichwa, atatazama juu, mwisho atakuambia, "Si Bi Pindo tu?" Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeliwa na kazi zamani sana. Yeye ndiye aliyefupisha suruali za wanafunzi wa mtaa mzima. Yeye ndiye aliyeteremsha pindo za sketi za mabinti waliokuwa na mama wakali, kisha akazipandisha tena mabinti hao walipopata waume wasio na neno. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele ya nyumba. Kilikuwa na dirisha moja la kuangalia barabara, cherehani ya miguu, meza ya kukatia iliyochubuka pembe, na msumari ukutani wa kutundikia tepu ya kupimia. Tepu hiyo aliivaa shingoni asubuhi na kuitundika jioni, na siku akijisahau akaenda nayo sokoni, watu walimcheka, naye akacheka nao.

Na mdomo! Wenzake walijaliwa mashamba na nyumba za kupangisha. Yeye alijaliwa maneno. Hakuwahi kusema jambo moja kwa moja kama palikuwa na njia ya kuzunguka. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, hakumwambia kwamba amechelewa. Alimwambia, "Nilishaanza kuivaa mimi, ila kiuno kimenikataa." Methali alizitoa bila kuombwa, na nyingine alizikata katikati akijua msikilizaji atamalizia mwenyewe. Ukitoka kwake bila kutaniwa, ujue siku hiyo anaumwa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajang'oa jino la kwanza, na Bi Pindo akamlea kwa ile cherehani. Mtoto alikulia chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande vya vitambaa na kufunga vishikizo kwenye uzi. Akakua, akapanuka mabega, akaondoka kwenda nchi ya mbali yenye baridi, akapata kazi ya kupakua mizigo kwenye ghala la vyakula. Huko akaoa, na huko akapata binti. Siku anaondoka mama yake alimtilia tepu ya kupimia mfukoni, akamwambia, "Ukikosa kazi, pima watu."

Kila Jumapili alasiri mwanawe alipiga simu. Sauti iliwekwa kubwa pande zote mbili, na yeye akakaa katikati kama mkalimani, kwa sababu Bi Pindo hakujua hata neno moja la kule, na mkwewe hakujua hata moja la huku.

"Mwambie mkeo asikunyime chakula," Bi Pindo alisema. "Nimeona picha. Umebaki ufito."

Mwanawe alicheka, akageuka, akasema maneno marefu, marefu kwelikweli, na kule nyuma mwanamke akajibu kwa sauti laini.

"Mbona mimi nimesema maneno mawili, wewe umehubiri?"

"Lugha yao ndefu, mama."

"Haya. Naye kasemaje?"

"Anasema anakupenda. Anasema mwakani, Mungu akipenda, tunakuja wote."

Mwakani ilifika ikapita, ikafika nyingine, ikapita nayo. Bi Pindo hakununa. Kila Jumapili aliipokea ile mwakani upya, akaenda nayo sokoni, akawaambia wauza mboga kwamba mkwe wake anakuja, wajiandae kuona mtu mweupe wa roho. Nao walimwitikia, hata waliokwisha kuisikia mara nyingi.

Halafu siku moja, wala si Jumapili, simu ililia asubuhi. Alikuwa amesimama na shati la mteja mkononi, kola imeshonwa upande mmoja. Ilikuwa sauti ya mkwe. Mkwe alitaja jina la mume wake, akalia, akalitaja tena. Bi Pindo alielewa kabla hajaelezwa. Mchana mtu mmoja wa nyumbani, aliyefanya kazi na mwanawe kule, alipiga akafafanua: mwanawe alianguka ghalani akiwa na sanduku begani, moyo ukasimama, na walipomfikisha hospitali alikuwa keshaondoka. Angezikwa hukohuko. Kumrudisha kulikuwa nje ya uwezo wa kila aliyempenda.

Kwa hiyo Bi Pindo alifiwa bila maiti. Hakumfunika mwanawe, hakumsindikiza, hakujua hata udongo wa kule una rangi gani. Majirani walikuja, wakakaa naye, wakampikia, wakamshika mikono. Walipoondoka aliingia chini ya meza ya kukatia, mwanamke mzima na magoti yake mabovu, akakaa pale alipokuwa akikaa mtoto, akalia mpaka sauti ikakauka.

Jumapili iliyofuata mkwe alipiga simu ya video. Alikuwa amemkalisha binti yake pembeni. Wakatazamana. Bi Pindo akapunga mkono, na wao wakapunga. Akatikisa kichwa kuonyesha huzuni, na wao wakatikisa. Wakaendelea kutazamana na kutabasamu mpaka mashavu yakauma, na mtoto akaanza kuchezea sikio lake, kisha mkwe akasema neno moja, labda kwaheri, simu ikakatika. Ndipo Bi Pindo alipoona kwamba mwanawe hakuondoka peke yake. Ameondoka na njia. Kule ng'ambo kuna damu yake, msichana mwenye paji la uso la baba yake, na kati yao hakuna hata neno la kuombana maji. Hofu ikamwingia: watu wasiosemezana huachana tu, hata bila ugomvi. Mjukuu yule ndiye aliyekuwa amebaki, na baada yake hapakuwa na mwingine.

Simu yake ilikuwa na ile huduma ya kutafsiri mtandaoni. Unaandika lugha yako, inatoa lugha ya mwenzio. Akasema, kumbe rahisi. Akakaa kitako, akavaa miwani, akaandika ujumbe wake wa kwanza kama alivyozoea kusema, kwa moyo wote na bila kubana maneno:

"Mkwe wangu, kilio chako ndicho changu. Kazi ya Mola haina makosa. Ila nakusihi usinitupe, maana mtupa jongoo humtupa na mti wake, nami mti sina mwingine. Nisalimie mke mwenzangu, mwambie asinune, mambo yetu tutayamaliza wenyewe."

Mke mwenza huyo, sihitaji kukueleza wewe, alikuwa ni mjukuu. Bibi gani asiyemtania mjukuu wake wa kike kwamba wanagombea bwana mmoja, yaani babu, hata kama babu yuko kaburini? Bi Pindo alikuwa amelituma neno tamu kuliko yote aliyokuwa nayo. Akasubiri.

Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Alikata kitambaa cha mteja kombo, jambo lisilowahi kutokea. Hatimaye jibu likaja, limetafsiriwa na mashine ileile:

"Mama. Nimelia sana. Tafadhali niambie ukweli. Mke mwingine ni nani? Ana watoto? Na kwa nini unataka nitupe wadudu?"

Akatoka na simu mkononi, tepu shingoni, akaingia duka la pili, kwa Mama Fotokopi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyechapa na kutoa nakala za vyeti vya watu, na kwa kuwa mashine zake zote ziliagizwa kutoka nje na maelekezo ya lugha za nje, alikuwa amekesha na huduma hizo za kutafsiri kuliko mtu yeyote pale mtaani. Alisoma ujumbe, akaangua kicheko, akautazama uso wa Bi Pindo, akakinyamazisha.

"Pole, dada yangu. Kaa. Hii mashine haina utani, na wewe umeipa utani mtupu."

"Nimeandika Kiswahili safi!"

"Safi mno. Sikiliza. Sentensi moja, jambo moja. Nukta. Methali achana nazo, mashine haijalelewa na bibi. Mtaje mtu unayemsema: usiseme amelala, sema mtoto amelala. Usifupishe maneno kama vijana. Na ukimaliza, usitume bado. Chukua lile jibu la kigeni, liingize tena, lirudishe Kiswahili. Likirudi kama lilivyoondoka, tuma. Likirudi na pembe, andika upya."

Bi Pindo alifikiri kidogo. "Yaani niligeuze ndani nje, niangalie mshono."

"Hapohapo."

Wakakaa wawili kwenye benchi, mashine ya nakala ikinguruma nyuma yao, wakaandika: "Mwanangu alikuwa na mke mmoja. Mke huyo ni wewe. Huku kwetu bibi humtania mjukuu wa kike. Bibi humwita mjukuu mke mwenzake. Maana yake ni upendo. Hakuna mke mwingine. Naomba usiniache. Nakupenda wewe na mtoto." Wakageuza. Ile ya utani ilirudi imekuwa "bibi humdhihaki mjukuu," wakaibadilisha wakaweka "hucheza na mjukuu kwa maneno." Wakageuza tena. Ikarudi salama. Wakatuma.

Haikupita hata saa. "Mama, nimecheka. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Mtoto anauliza kama yeye pia anaweza kukuita mke mwenza."

Bi Pindo alijifunika uso kwa kanga yake palepale dukani, na Mama Fotokopi akajifanya anatafuta karatasi.

Tangu hapo akawa fundi wa kazi ya pili. Kila jioni kabla ya kufunga, aliandika, akageuza, akakagua, akatuma. Alijua sentensi ipi itapita na ipi itakwama, kama alivyojua kitambaa kipi kitavuta kikifuliwa. Alijifunza kuuliza swali moja kwa wakati, maana ukiuliza matatu unajibiwa la mwisho. Mtoto amekula nini. Mtoto anasoma nini. Wewe unalala? Na majibu yalikuja, mafupi, makavu, ya kweli. Mtoto hapendi karoti. Mtoto aliota baba. Mimi silali.

Ila kuna kitu kilikuwa kinaondoka, na wa kwanza kukiona alikuwa dada yake, aliyekuja siku moja kufupishiwa gauni.

"Gauni limekwisha," Bi Pindo alimwambia. "Pindo ni mbili. Livae. Niambie kama linabana."

Dada yake akamkodolea macho. "Wee! Una nini? Mbona unaongea kama risiti?"

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ni kweli. Alikuwa amejikata maneno mwenyewe, akayapunguza upana, akaondoa lasi na vishikizo, ili yapite kwenye tundu la sindano ya mashine. Wateja walidhani ana hasira nao. Jioni moja alitafuta methali ya kumalizia maneno, ikachelewa kuja, na yeye aliogopa kama mtu aliyepapasa mfuko akakosa funguo. Aliona uchungu. Lakini alijiambia, afadhali kuwa risiti kuliko kuwa kimya, akaendelea.

Sasa ubaya wa maneno makavu ni kwamba hayana pa kujificha. Siku moja aliandika lile lililokuwa moyoni mwake muda wote: "Mwakani mnakuja?" Akageuza, likarudi sawasawa, akatuma.

Mkwe akajibu: "Hatukuwahi kupanga kuja. Hatukuwa na uwezo. Yeye alijua. Nani alikuambia tunakuja?"

Alilisoma hilo akiwa amesimama mlangoni. Akarudi ndani, akalisoma ameketi. Akaliingiza upya kwenye mashine akiomba iwe imekosea. Lakini mara hii mashine haikukosea. Miaka yote ile, Jumapili zote zile, mwakani iliyokuwa ikitoka katika kinywa cha mkwe ilikuwa imeshonwa na mwanawe, palepale, katikati ya simu. Na kile kilichomsumbua zaidi kikafuata nyuma yake: kama alichoambiwa yeye kilikuwa cha kubuni, je, wao waliambiwa nini? Zile hotuba ndefu kwa maneno yake mawili zilikuwa zinasema nini?

Alikasirika. Alimkasirikia mkwe kwa kusema kweli, akamkasirikia Mama Fotokopi kwa kumfundisha, na mwisho, akiona aibu, akamkasirikia marehemu. Hakuandika kwa siku kadhaa. Aliikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mkanda ukakatika.

Mkwe ndiye aliyeandika.

"Mama. Samahani kama nilikuumiza. Nina swali. Nahitaji jibu la kweli. Yeye alimwambia mtoto kwamba wewe unamshonea gauni kila mwaka. Gauni moja kila siku ya kuzaliwa. Alisema magauni yanasubiri kabatini kwako. Kila mwaka alimpima mtoto kwa tepu. Alisema vipimo ni vya bibi. Mtoto atatimiza miaka minane. Anauliza kuhusu magauni. Je, magauni yapo? Nataka kujua nimwambie nini."

Bi Pindo alitazama kabati. Ndani yake kulikuwa na nguo za wateja, mablanketi mawili na kopo la vishikizo. Gauni la mtoto halikuwamo hata moja. Hakuwahi kuombwa, hakuwahi kuambiwa, na katika utani wake wote wa Jumapili, lo, hakuwahi kulifikiria. Hilo lilimchoma kuliko yote. Mwanawe alikuwa amemtengenezea mtoto bibi mwema kuliko yeye.

Akatambua vilevile kilichowekwa mbele yake. Akijibu kweli, mtoto atajua kwamba baba yake alikuwa mwongo, na baba mwenyewe hayupo wa kujitetea. Neno la mwanawe lilikuwa mikononi mwake kama nguo ambayo fundi mwingine ameianza, ikachanwa kati.

Akaandika: "Ndiyo. Magauni yapo."

Akageuza. Likarudi bila mkunjo. Katika yote aliyowahi kupitisha kwenye mashine ile, hakuna lililopita laini kama hilo, nalo lilikuwa uongo mtupu. Akatuma, kisha akaongeza: "Nipe muda. Nitatuma picha ya magauni. Naomba picha za mtoto za zamani. Picha za kila siku ya kuzaliwa. Nataka kumwona mwanangu pia."

Picha zilikuja jioni hiyohiyo, mwaka mmoja baada ya mwingine ukaingia kwenye kioo cha simu. Na katika kila picha mwanawe alikuwepo. Amembeba mtoto wa mwaka mmoja kwa mkono mmoja. Amepiga magoti, mtoto wa miaka miwili amemwegemea. Amesimama, binti wa miaka mitano amemfika nyongani, wamevaa kofia za karatasi wote wawili kama wehu.

Bi Pindo alikuwa akilia, lakini jicho la fundi halilii. Alimshonea mwanawe nguo zote tangu nepi hadi shati la safari. Bega lake alilijua: kutoka mfupa hadi mfupa, inchi kumi na nane. Mtu ataota tumbo na mashavu, mfupa wa bega haunenepi. Akampelekea Mama Fotokopi simu, akamwomba azichapishe zile picha kubwa.

"Unataka kuzitundika?"

"Nataka kuzipima."

Akaziweka juu ya meza ya kukatia. Akapima bega la mwanawe kwenye karatasi, akajua karatasi imempunguza kiasi gani, kisha akapima mabega ya mtoto, kifua chake, urefu wake hadi gotini, akavikuza kwa kipimo kilekile. Kwenye picha ya kwanza mabega yalikuwa hayaonekani vizuri. Akapima kiganja cha baba kilichomshika mtoto mgongoni, kwa sababu kiganja hicho pia alikifahamu. Kila gauni alilikata hivyo, mtoto akipimwa kwa baba yake.

Alishona siku baada ya siku, akawaambia wateja wasubiri, na wateja, kwa mara ya kwanza maishani mwao, walisubiri. La mwaka wa kwanza lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye mkono wa koti. La pili akalitilia mfuko, maana mtoto wa umri huo huokota kila kitu. La nne akalitia lasi. La saba akalipa mkanda wa kufunga nyuma. Kila alipomaliza moja aliligeuza ndani nje, akakagua mshono, kisha akalifua ili lisinuke upya. Alizungumza nalo pia, na jambo la ajabu, maneno yalirudi. "Wewe la tatu, usijifanye mkubwa, ngoja wenzio," alisikika akisema dirishani, na mpita njia mmoja akamwambia mwenziwe kwamba Bi Pindo kapona.

Hakuwa amepona. Alipofika la nane aliifungua picha mpya aliyotumiwa na mkwe, iliyopigwa wiki ile mtoto alipotimiza minane. Mtoto amesimama mbele ya keki, mikono imening'inia, anatazama kamera. Kando yake palikuwa na kiti kitupu. Bi Pindo aliilaza picha ile mezani, akachukua tepu, akakaa nayo. Hapakuwa na bega la kupimia.

Basi ikabidi amwombe mtoto mwenyewe. Alitundika yale saba kwenye kamba chumbani, akapiga picha, akaituma, na chini yake akaandika moja moja, taratibu, kama anayemfundisha mwanagenzi: "Haya ni magauni yako saba. La nane halijakatwa. Nataka vipimo vipya. Chukua tepu ya baba. Weka mwanzo wa tepu kwenye mfupa wa bega la kushoto. Vuta tepu hadi mfupa wa bega la kulia. Niambie namba."

Mtoto alikuwa ametoka shule, yuko nyumbani na simu ya marehemu baba yake, mama yake bado kazini. Mwanzo zilikuja alama za furaha, nyingi, hazikuhitaji kutafsiriwa. Kisha ukaja ujumbe.

"Bibi. Tepu inaanguka. Baba alikuwa anashika upande mmoja. Mimi nilikuwa nashika upande mwingine. Nani atashika sasa?"

Bi Pindo, mwanamke wa maneno, aliyekuwa na jawabu kwa kila mteja na msemo kwa kila msiba wa jirani, aliweka simu juu ya meza. Alitafuta ndani yake utani, methali, lolote. Mwisho aliandika neno ambalo mashine ingelibeba. "Msubiri mama yako. Mama atashika."

Aliketi pale mpaka jua likaondoka dirishani. Barabarani watu walirudi kutoka kazini, wakamsalimu, akawaitikia kwa mkono. Mama Fotokopi alifunga duka, akapita, akaona uso wake, akaingia akakaa naye bila kuuliza.

Simu ikalia. Zilikuwa namba: bega, kifua, kiuno, urefu, zimepangwa vizuri, na chini yake maneno ya mkwe.

"Mama. Mtoto amelala na picha ya magauni. Ana furaha. Mimi nimeyatazama sana. Kila gauni lingemkaa mwaka wake. Lakini mimi nilikuwepo. Kila mwaka yeye alimpima mtoto, akacheka, akarudisha tepu kwenye droo. Hakuwahi kukutumia namba hata moja. Najua hilo. Sitamwambia mtoto. Nataka kujua mimi tu. Haya saba uliyapimaje?"

Mama Fotokopi, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, alisema taratibu, "Dada, huyu anajua."

"Anajua."

"Utamjibu nini?"

Bi Pindo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa. Akaandika: "Kwa bega la mwanangu. Liko kwenye kila picha."

Akaligeuza. Likarudi lilivyo, neno kwa neno. Akalituma, akaichukua tepu shingoni, akakata la nane.